Kwa nini Fit yangu ilipata springi fupi, si koilova

Maji yakipwa siku za bamvua, feri ya Likoni, Mombasa, hukaa chini mno, na ukitoa gari kwenye ule ulimi wa chuma, kilima cha gati kinakusimamia mbele ya kioo kama ukuta. Hapo ndipo springi ya nyuma ya Honda Fit yangu ilipochomoka. Gurudumu la kushoto lilining'inia kidogo tu, nikasikia kishindo cha chuma, na tulipofika juu gari lilikuwa limelalia upande mmoja. Mamangu alikuwa kiti cha nyuma. Akaniuliza, "Mwanangu, hili gari umelifanya nini?"

Nilikuwa nimekata springi. Fundi alipitisha grainda, akatoa mzunguko mmoja na nusu kila upande, gari likakaa chini vile nilivyotaka, na kwa wiki sita nilikuwa nikilitazama kila nikilifunga mlango. Nataka wenzangu mnaofikiria kushusha gari dogo mjue kilichokuwa kinaendelea pale chini wakati huo wote.

Springi ikikatwa haifupiki tu, inakuwa ngumu pia, kwa sababu kazi ya mizunguko yote inabebwa na michache iliyobaki. Chukua springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi. Ukitoa mmoja na nusu, ugumu wake unapanda kwa thuluthi moja. Shokabzoba nayo imebaki ile ile ya kiwandani, iliyopimwa kwa springi laini, kwa hiyo haiwezi kuituliza hii ngumu, na gari linadunda. Lakini kilichoniangusha mimi ni urefu. Nyuma ya Fit, springi husimama peke yake kati ya bodi na boriti ya ekseli, mbali na shokabzoba. Haina nati wala kifuniko. Inashikwa na uzito wa gari basi. Gurudumu likishuka shimoni, shokabzoba ndefu inaliruhusu liende mpaka mwisho, springi fupi haifiki, inabaki ikicheza. Siku moja inatoka.

Yangu ni Fit ya kizazi cha kwanza, GD1, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2001 na mwaka uliofuata ikaipiku Corolla kwa mauzo huko kwao. Injini ya 1.3 yenye plagi nane. Kuna jambo moja kuhusu Fit ambalo kila anayetaka kuishusha alifikirie kwanza: tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele. Ndiyo maana viti vya nyuma vinakunjika mpaka sakafuni na mimi, fundi wa mafriji, naweza kulaza mtungi wa gesi na sanduku la vifaa bila shida. Lakini ina maana kwamba tumbo lile linalopita juu ya matuta ya Likoni limebeba petroli.

Basi nikarudisha springi nzima kutoka kwenye gari bovu, nikakaa miezi miwili nikiuliza na kupima. Chaguo lilikuwa kati ya springi fupi zilizotengenezwa kiwandani na koilova, yaani springi na shokabzoba zilizokuja kwa seti moja, zenye nyuzi za kupandisha na kushusha.

Rafiki yangu wa Nyali ana Fit kama yangu, amefunga koilova mpya kutoka Taiwani. Alinipa usukani tukaenda mpaka Kilifi. Sitasema uongo, ni raha. Ukigeuza usukani gari linaingia pale pale, haliinami. Mbele amefunga springi za kilo 6 kwa milimita, yaani kila milimita ya kubonyea inataka kilo 6, na shokabzoba zake zimepimwa kwa ugumu huo, ndiyo maana hazidundi kama zangu za kukatwa. Zake pia ni zile ambazo mguu wa chini wa shokabzoba unazunguka peke yake, kwa hiyo unashusha gari bila kubana springi wala kula nafasi ya shokabzoba kutembea. Zipo nyingine za bei nafuu ambazo unashusha kwa kuteremsha kikalio cha springi peke yake, na kadiri unavyoshuka ndivyo nafasi inavyoisha, mpaka unaendesha juu ya mpira wa kuzuia, ule unaozuia shokabzoba isigonge mwisho. Ukiamua kununua koilova, uliza swali hilo kabla ya kuuliza bei.

Kilichonirudisha nyuma ni chumvi. Mimi navuka bahari mara mbili kwa siku. Mlango wa feri ukimwaga maji, yanaruka chini ya gari, na upepo wa kusi unamalizia. Nilimwomba rafiki yangu anionyeshe jinsi anavyorekebisha urefu. Tuliinua gari, tukaweka spana ya koilova, nati ya nyuma haikusogea hata kidogo. Alikuwa nazo mwaka mmoja na nusu tu. Yeye hulala Nyali, wala havuki feri kila siku! Faida kubwa ya koilova ni kurekebisha urefu, na pwani hii, usipozisafisha na kuzipaka grisi kila baada ya wiki chache, faida hiyo inashikwa na kutu. Mimi najijua: nikitoka kazini saa moja usiku sitalala chini ya gari na brashi.

Kwa hiyo nilichukua springi fupi za Kijapani zinazoshusha kama milimita 30, pamoja na shokabzoba nne mpya za KYB. Shokabzoba mpya ni lazima. Springi nzuri juu ya shokabzoba iliyochoka ni kupoteza fedha. Milimita 30 sikuzichagua kwa macho. Nilisubiri bamvua, nikabandika kipande cha mbao chini ya bampa na kingine chini ya tangi, nikavuka. Vya unene wa milimita 40 vilikwaruzwa, vya 30 vilipita.

Siku ya kufunga nilimwomba fundi mwingine mambo matatu, na nilisimama hapo mpaka yalipofanyika. Mipira ya kuzuia ipunguzwe kama maelekezo ya springi yanavyosema. Bolti za mikono ya chini na za boriti ya nyuma zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, kwa sababu bushi, ule mpira wa kiungo, ikikazwa gari likining'inia inabaki imejipinda na inachanika mapema. Na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, isifanywe siku hiyo, bali baada ya wiki, springi zikishatulia. Gari likishuka, fimbo za usukani hubadili pembe, magurudumu ya mbele yanageuka kidogo, na tairi linalika upande wa ndani ambako hulioni. Zile wiki sita za springi za kukatwa ziliniharibia matairi mawili namna hiyo.

Kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madgadi ilikuwa milimita 362 mbele. Sasa ni 331. Nyuma, nikiwa na mtungi na sanduku, ni 326, na bado kuna vidole viwili kabla mpira wa kuzuia haujaguswa. Juzi ilikuwa bamvua tena. Nilimvusha mamangu saa nne asubuhi, maji yamekauka mpaka mawe yanaonekana. Kwenye kilima nilipunguza mwendo kwa mazoea, naye akaendelea kunihadithia habari za harusi ya Ukunda bila kukatiza.