Siku moja maishani mwangu: skrini inasema hakuna pilau, sufuria imejaa

Saa 12 asubuhi niko kituoni Mbagala, begi la vifaa mgongoni. Saa 1 na nusu kibanda changu Kariakoo kimeshafunguliwa, nimefagia, chuma cha kuchomea kinapata moto. Mimi ni fundi wa elektroniki, huu mwaka wa tisa. Asubuhi ni ya simu: sehemu za kuchajia, spika, betri. Hadi saa 4 nimeshatoa simu nne na redio moja.

Saa 4 hiyo akaingia kijana kashika boksi kwa mikono miwili utadhani kabeba mayai. Ndani kuna bodi ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, na vitufe vinne. Ameiunganisha na televisheni ya zamani kwenye mgahawa wa shangazi yake, Temeke, inaonyesha vyakula vya siku na bei zake. Kila kitufe kina chakula chake: pilau, ugali, wali samaki, chai. Chakula kikiisha shangazi anabonyeza, skrini inaandika HAKUNA. Akibonyeza tena, kinarudi. Nilimsifu, na nilimaanisha, maana vijana wengi huishia kutazama video tu.

Shida yake: vitufe leo vinakubali, kesho vinagoma. Hii naijua. Ndani ya kitufe kuna kibati kidogo, na ukibonyeza hakitulii hapo hapo, kinadundadunda kwa milisekunde chache. Kidole kimebonyeza mara moja, bodi imehesabu mbili. Chakula kinaondoka na kurudi papo hapo, wewe unaona kitufe kimekufa. Tukaongeza kwenye programu subira ya milisekunde 50, tukabonyeza mara hamsini bila kosa. Akalipa elfu tano, akaenda.

Saa 7 simu ikaita. "Kaka, pilau imejifuta yenyewe. Hakuna aliyegusa."

Nikapanda bodaboda. Mgahawa umejaa, moshi wa jikoni unaingia machoni. Nikamwamkia shangazi, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba huku anafunua sufuria nione mwenyewe: pilau nusu nzima, mvuke unatoka. Ukutani, HAKUNA. Madereva wawili wameshasoma wakaenda kula kwa jirani. "Fundi, umechukua hela ya mtoto na kazi hujafanya." Sikuwa na la kujibu. Mezani kwangu vitufe vilikuwa vizima, na kitu kilicho kizima mezani kwako kikaharibika kwa mteja ndicho kinachochosha kuliko vyote.

Nikapima kwa mita. Vitufe vizima. Nikakagua sehemu zilizochomewa, hakuna iliyoachia. Nikafuata waya: kutoka kaunta hadi kwenye bodi nyuma ya televisheni ni kama mita tatu, na asubuhi kijana aliniletea boksi likiwa na waya fupi tu, hizi ndefu aliziacha huku. Nikaomba kiti, nikakaa natazama skrini. Hapa ndipo watu hawatuelewi. Kubadilisha kifaa ni dakika tano. Kinachokula siku ni kutafuta, na anayetafuta anaonekana amekaa tu. Shangazi alipita mara tatu na sahani, mara ya tatu akauliza kama nimekuja kutengeneza au kupumzika. Jasho, njaa, na harufu ile ya pilau. Sijui ilikuwa saa ngapi, wateja walishapungua, friji ikajiwasha kwa kishindo. Pilau ikafutika. Ugali ukafuata. Wali samaki na chai vikabaki.

Nikasimama. Kwa nini viwili tu?

Nikahesabu pini, vile vijiti vya bodi vinavyoshika waya. Kitufe kisipobonyezwa, rezista, kile kijiti cha kuzuia mkondo, huishikilia pini kwenye volti 3.3; kikibonyezwa, volti inashuka na bodi inajua. Wali na chai viko pini ya 3 na ya 5, ambazo kwenye bodi hii zina rezista zake za kilo-omu 1.8, zinaishikilia pini kwenye hiyo volti 3.3 kwa nguvu. Pilau na ugali viko pini ya 11 na ya 13, ambako kuna rezista dhaifu tu ya ndani ya chipu, ya kilo-omu hamsini na zaidi. Na waya wote ulifungwa kwa utepe wa gundi pamoja na waya wa umeme wa friji, mwanzo hadi mwisho. Mota ya friji ikianza, mshtuko unarukia kwenye waya wa jirani, pini dhaifu inadhani kitufe kimebonyezwa.

Kijana akasema basi tuipe volti 5 iwe na nguvu, na mkono ulishafika pini ya 2, yenye hiyo volti 5. Nikaudaka. Pini za vitufe mwisho wake 3.3, ukizipa 5 unaua bodi.

Tukazima umeme. Nikachomea rezista mbili za kilo-omu 10, zile za mistari ya kahawia, nyeusi na chungwa, kutoka pini ya 1, yenye volti 3.3, kwenda kila kitufe kikorofi. Karibu kabisa na bodi nikaweka vikapasita, vile vifaa vya kumeza mshtuko wa umeme, vilivyoandikwa 104, kwenda ardhi, yaani upande wa sifuri wa bodi. Kila waya nikausokota na mwenzake wa ardhi, nikaupitisha ukuta wa pili, mbali na friji.

Tukawasha, tukasubiri. Friji ikaanguruma. Watu watatu tunatazama neno moja ukutani. Pilau ikabaki. Friji ikazima, ikawaka tena baadaye, ikabaki.

Nilisema elfu ishirini na tano. Shangazi akaokota rezista iliyosalia, akaiweka kiganjani, akauliza hii bei gani. Nikamwambia hiyo haifiki mia tano, mama, ila toka saa 7 niko hapa. Akanitazama, akahesabu noti zote, akanipakulia na sahani.

Saa 3 usiku niko nyumbani miguu kwenye beseni, ujumbe wa kijana ukaingia: shangazi anataka kitufe cha chapati, nichomeke wapi? Nikamjibu pini ya 15, na rezista yake.