Tafakari ya Wiki: Wimbo wa Shukrani Ulioliza Wazee (Ezra 3:10–13)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Fungueni Ezra sura ya 3, kuanzia mstari wa 10. Mafundi wameweka msingi wa hekalu. Makuhani wamevaa mavazi yao na kushika parapanda, Walawi wana wa Asafu wameshika matoazi. Wanaimba kwa kupokezana wimbo ambao Israeli wote waliujua, kwamba Bwana ni mwema na fadhili zake ni za milele. Wimbo ule hauna neno la huzuni hata moja, na siku yenyewe haikuwa ya msiba. Lakini wazee wengi, makuhani kwa Walawi na wakuu wa mbari za mababa, walilia kwa sauti kuu, wengine wakapiga kelele za furaha, hata watu wakashindwa kupambanua kilio na shangwe.

Ezra anawataja waliolia: ni wale walioiona nyumba ya kwanza. Hekalu la Sulemani lilibomolewa mwaka 586 K.K., na msingi huu mpya uliwekwa takriban miaka 50 baadaye. Aliyelia basi alikuwa mtu mzima sana, aliyeingia nyumba ile akiwa mtoto au kijana. Waliozaliwa Babeli walisikia parapanda zilezile, saa ileile, wakashangilia. Kilichowatenga ni kumbukumbu. Na kwaya ile haikujua nani amebeba nini moyoni. Iliimba kama Daudi alivyoagiza, basi.

Tunaanzia hapo kwa sababu katika makwaya yetu ya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Kyela hadi Ludewa, umeingia mtindo wa kutafuta machozi. Kiongozi wa wimbo analia kabla hata ya wafiwa. Mpiga kinanda anaongeza eko mpaka maneno yanazama. Katikati ya ubeti wa pili mtu anashika maiki na kuanza kumtaja marehemu kwa jina, na mama aliyejikaza tangu asubuhi anaanguka chini. Kisha tunasikia watu wakisema kwaya leo imefanya kazi. Hapana. Kwaya hiyo imemwonea mama yule. Machozi ya msikilizaji ni amana, na kazi ya mwimbaji ni kuuimba wimbo kwa usahihi mpaka mwisho, ili mwenye kumbukumbu yake apate mahali pa kuiweka.

Usahihi huo unafundishika. Tuchukue mwisho wa mstari katika nyimbo nyingi za sauti nne tulizo nazo. Kwa solfa, yaani majina ya nota do, re, mi, fa, so, la, ti, besi wanatoka so kushuka do. Sauti ya kwanza wanatoka ti kupanda do ya juu. Sauti ya tatu, yaani tena, wanabaki so. Sauti ya pili walikuwa fa, na mtunzi amewaachia fa ile pigo moja zaidi, wenzao wakiwa wameshafika nyumbani, ndipo washuke mi. Kwa pigo hilo moja fa inasuguana na so ya tena. Msikilizaji asiyejua nota hata moja anausikia msuguano, na anasikia unavyoachiliwa. Mwaka 1991 mtafiti wa saikolojia ya muziki wa Uingereza, John Sloboda, alichapisha majibu ya wasikilizaji walioulizwa ni sehemu gani hasa za muziki zinazowatoa machozi. Noti ya kuegemea kama hii, inayokwaruza kidogo kisha kutua, ilijitokeza sana.

Sasa tazameni jinsi tunavyoiharibu. Sauti ya pili wanaogopa ule msuguano, wanadhani wamekosea, kwa hiyo wanashuka mi pamoja na besi. Hapo hakuna tena kilichoegemea wala kilichoachiliwa. Wengine wanakaa fa vizuri lakini wanateleza kuja mi kwa kuburuza. Wengine wanavuta pumzi katikati ya fa na mi, na hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu wimbo unakatika pale hasa ulipotakiwa kushikana. Na wako wanaoipiga mi kwa nguvu kama ushindi. Uzito uwe kwenye fa, mi iwe laini.

Mazoezi yake ni haya. Besi na sauti ya kwanza wanyamaze. Tena washike so, sauti ya pili washike fa, wakae hapo mapigo manne kamili mpaka masikio yao yazoee ule mkwaruzo na waache kuuogopa. Halafu sauti ya pili washuke mi, tena wakiwa palepale. Rudieni mara tatu au nne. Kisha waingie besi, mwisho sauti ya kwanza. Kwaya ya watu 20 inaweza kulimaliza jambo hili kwa robo saa, na nyimbo zote za kitabu zitafaidika.

Palepale kuna tatizo la pili. Kutoka fa kwenda mi ni nusu sauti tu, lakini mwimbaji aliyechoka anashuka zaidi ya hapo. Mi yake inakuwa chini kidogo, wenzake wanamfuata, na ubeti unaofuata unaanzia pale chini. Ikifika beti ya nne kwaya nzima imeshuka nusu sauti au zaidi, na mpiga kinanda akiingia kwenye kiitikio kila mtu anageuka. Mwalimu wa kwaya awazoeze kuimba fa-mi-fa-mi polepole bila kinanda, kisha apime kwa kinanda kama bado wapo. Baada ya mkesha, koo zikiwa zimechoka tangu saa tatu usiku, do ishushwe sauti nzima, kwa mfano kutoka G hadi F. Hakuna sifa yoyote katika kung'ang'ania sauti ya mchana alfajiri.

Mwendo nao unatusumbua, kwani wengi hudhani huzuni ni kwenda polepole. Mstari wenye vipimo vinne vya mapigo manne ni mapigo 16. Kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, mwimbaji anahitaji pumzi ya sekunde 16. Kwa mapigo 72 ni sekunde 13 na ushee. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama mstari utafika mwisho ukiwa hai. Chini ya 60 waimbaji wa kawaida wanakata maneno vipandevipande, na aliyefiwa anasikia silabi, hasikii ahadi ya Mungu. Kama wimbo lazima uende taratibu, wanaokaa jirani wapeane zamu ya pumzi: mmoja avute kwenye pigo la tatu, mwenzake kwenye la tano, pasiwe na wawili jirani wanaovuta pamoja.

Kuhusu mwimbaji mwenyewe kulia. Si dhambi, na wakati mwingine aliye ndani ya jeneza ni mwanakwaya mwenzetu. Lakini mwili hauwezi yote mawili kwa pamoja. Unapotaka kulia, njia ya hewa kooni inafunguka ili hewa nyingi ipite; kuimba kunataka nyuzi za sauti zikutane. Hapo ndipo donge linapopanda na sauti kukatika. Kulisukuma kwa nguvu kunaongeza donge. Anayehisi limeanza afunge mdomo, atoe hewa yote polepole, avute tumboni, arudi mstari unaofuata. Wenzake wanatosha kubeba. Macho yawe kwa mwalimu, yasiwe kwa wafiwa. Kwa sauti ya kiongozi peke yake, waandaliwe wawili, na yule wa pili ajue ishara ya mkono ya kupokea ubeti. Jambo hili lipangwe kabla, kwani makaburini hakuna muda wa kunong'onezana.

Makaburini kuna mengine pia. Kanisani kuta zinarudisha sauti. Nje sauti inaondoka na upepo, na anayeijua Makambako anajua upepo tunaousema. Kwaya ikijipanga mstari mmoja mrefu kando ya kaburi, besi wa mwisho hawamsikii sauti ya kwanza, na kila upande unaenda mwendo wake. Jipangeni nusu duara, safu mbili au tatu, besi na tena nyuma katikati. Wakati vijana wanafukia, chagueni wimbo wenye beti nyingi na uimbwe beti zote kwa mpangilio wake. Nyimbo hizo zimejengwa zitoke kaburini kuelekea ufufuo; ukiishia ubeti wa pili umewaacha wafiwa kaburini. Na mvua ya Tukuyu ikianza kupiga bati la kanisa, msishindane nayo kwa kupaza spika. Subirini, au imbeni sauti moja wote.

Ndugu zetu Wamoravian wamebeba hazina ya pekee hapa. Ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891. Tarumbeta zikilia kati ya makaburi kabla ya jua, watu hulia, na wimbo ni wa kushangilia kabisa. Ni Ezra 3 tena. Wapigaji wajue tu kwamba baridi inashusha sauti ya tarumbeta. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi joto 20, na mita 337 hivi kwenye nyuzi 10, kwa hiyo bomba lilelile linatoa noti ya chini zaidi. Kinanda cha umeme hakijali baridi, na viwili hivyo vikianza pamoja alfajiri vinagombana vibaya. Tarumbeta ziwekwe chini ya koti, zipulizwe pumzi ya joto dakika kadhaa bila kutoa sauti huku vitufe vyote vikibonyezwa kwa zamu, na bomba la kurekebishia lisukumwe ndani kidogo. Kisha wapime tena baada ya wimbo wa pili, maana chombo kikishapata joto kinapanda.

Huenda mtu akauliza kama haya yote si ufundi mtupu, na machozi ya kweli ni kazi ya Roho. Swali hilo ni zito, na limeulizwa na watu wakubwa kuliko sisi. Augustino, aliyebatizwa Milano mwaka 387, anaeleza katika Maungamo yake jinsi nyimbo za kanisa lile zilivyomtoa machozi mengi, na jinsi machozi hayo yalivyomfaa. Baadaye, akiwa askofu wa Hippo, anaandika kwamba ikitokea sauti ikamgusa kuliko kile kinachoimbwa, anajihesabia ametenda kosa, na angetamani asingemsikia mwimbaji. Hata hivyo hakuufukuza uimbaji kanisani. Alielekea kuukubali, akikumbuka yale machozi ya mwanzo.

Kipimo hicho bado kinatufaa. Baada ya ibada, mwulize aliyelia ni neno gani limemshika. Akikumbuka hata nusu ya mstari, wimbo ulimfikia. Kama anachokumbuka ni sauti ya kiongozi au kinanda tu, mwalimu wa kwaya arudi kwenye maneno: Jumatano kabla ya solfa wote wausome wimbo kwa sauti ya kuongea, mtu mmoja kila mstari, na waulizane maana. Paulo aliyaweka pamoja: "Nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia" (1 Kor 14:15). Mwenye akili bila roho huimba nota kavu, na hatumtetei.

Sasa yule anayelia. Katika Ezra 3 hakuna aliyewaambia wazee wanyamaze, na hakuna aliyewazuia vijana wasishangilie. Ziko siku nyingine: katika Nehemia 8:9 watu walilia waliposikia torati na wakaambiwa wasilie, kwa kuwa siku ile ilikuwa takatifu. Lakini siku ya msingi wote waliachwa. Basi tuache kumwambia mfiwa "jikaze" katikati ya wimbo. Tusimpelekee maiki. Tusimpige picha kwa simu. Hili tunalisema kwa uchungu, kwani limekuwa kawaida hata mbele ya jeneza. Mama mmoja mtu mzima akae karibu naye, ampe maji na leso, asiongee. "Lieni pamoja nao waliao," inasema Warumi 12:15.

Wiki inayofuata, turubai likishashushwa na ndugu wa mbali wakishapanda basi, mzee wa kanisa wa mtaa ule aende Jumanne au Jumatano, pamoja na mwimbaji mmoja wa kwaya iliyoimba. Wasikilize habari za marehemu hata kama wameshazisikia. Mfiwa akitaka wimbo, achague yeye, waimbe beti atakazozitaka bila kinanda, kwa sauti isiyozidi ya mazungumzo. Wakimaliza, wasome naye Zaburi 56:8, pale mwenye zaburi anapomwomba Mungu ayatie machozi yake katika chupa, kisha waombe.