Kunywa Wewe, Unisimulie

Jana mwanangu aliniuliza mbona nikinywa juisi ya machungwa hufumba macho. Nikamjibu ni kali. Si kweli, ila habari ya babu yake haielezeki kwa mtoto mwenye haraka ya kwenda kucheza.

Figo za Baba zilikuwa zimeshindwa kazi; alikuwa ameshaanza kusafishwa damu kwa mashine, na mkojo umebaki wa kubahatisha. Daktari akampimia kinywaji: kiasi cha mkojo wa siku, aongeze nusu lita, basi. Humo chai imo, supu imo, hata kipande cha barafu kimo. Asubuhi tulijaza chupa moja ya maji. Kila alichokunywa, tulimwaga kiasi kilekile kutoka kwenye chupa. Ikiisha, imeisha. Kule kituoni anakosafishwa damu mizani haidanganywi: kilo moja iliyozidi ni karibu lita moja ya maji yaliyokosa pa kutokea.

Shangazi akaja na jagi zima la machungwa aliyoyakamua mwenyewe. Akammiminia kaka yake glasi hadi ukingoni.

"Shangazi, hiyo hawezi."

"Tunda nalo mnamnyima?"

Nikaanza habari za potasiamu: machungwa yamejaa, maji ya dafu ndiyo usiseme, figo zikishindwa kuitoa hurundikana kwenye damu, na moyo unaweza kusimama bila onyo. Juisi ya tufaha ingekuwa nafuu, kidogo, tena ihesabiwe. Shangazi alinitazama kama hakimu aliyekwisha kuamua kesi.

Baba alikuwa kimya. Akaiinua glasi usawa wa dirisha. Nyuzi za chungwa zilielea, mbegu moja imezama chini. Akainusa kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa imepasuka pembeni, na koo likapanda na kushuka, likimeza kisichokuwepo. Kisha akanipa mimi.

"Kunywa wewe. Unisimulie."

Nikapiga funda moja. Nikasema ni tamu.

"Tamu ndiyo nini? Sema vizuri."

Nikafumba macho nitafute maneno. Uchachu unaanzia pembeni mwa ulimi, nikasema, utamu unafuata, halafu nyuma kabisa kuna uchungu fulani.

"Umekamua na mbegu zake," Baba akamwambia dada yake. Shangazi akacheka huku anafuta machozi.

Alinifanya niimalize, kila funda na maelezo yake. Kama nilikuwa namburudisha au namtesa, sijui mpaka leo. Yeye akaomba barafu yake, akainyonya taratibu, nasi tukaipunguza kwenye chupa.

Nilidhani Shangazi ameelewa. Juma lililofuata akaja na soda nyeusi, baridi, anajivuna kweli: "Hii haina chungwa hata tone!" Kabla sijafungua mdomo kusema habari ya fosfeti inayotiwa humo, nayo figo zilizoshindwa haziitoi, Baba alikuwa ameshanisogezea glasi.