Miasumini ya Tanga kwenye kivuli cha Njombe

Machi
Pingili za asumini kutoka Tanga zimeshika mizizi, sasa natafuta pa kuzipanda. Mparachichi umefunika zaidi ya nusu ya ua. Mwasumini hupenda jua ili uchanue, ila huku sakitu, yaani umande ulioganda, ya Juni na Julai huunguza mmea wa pwani kwa usiku mmoja ukiwa peupe. Nimechagua pale matawi yanapoishia, upande wa kaskazini. Usiku usio na mawingu joto la ardhi hupotelea angani, na matawi hulizuia kiasi. Tena wakati wa kipupwe jua huwa kaskazini yetu, hivyo mchana linapenya hadi chini. Vitabu vya Ulaya husifu ukuta unaotazama kusini. Kwetu ni kinyume.

Aprili
Sasa ardhi. Ukoka haustawi kivulini, hata ukiubembeleza. Karibu na shina sipandi kitu: majani ya mparachichi yenyewe ni matandazo mazuri, na mizizi inayolisha mti iko juujuu, jembe huikata. Mbele kidogo nimepanda spaida, yale majani membamba yenye mstari mweupe yanayoning'iniza vitoto. Kila kitoto nimekichimbia kishimo cha ukubwa wa kiganja kwa kijiko cha bustani.

Jirani kanipa pia ile tambazi yenye majani ya zambarau chini na mistari ya fedha juu. Inapendeza sana, lakini kila kipande kikianguka kinaota, na ua wetu unashukia bondeni kwenye kijito. Itakaa kwenye chungu barazani.

Mei
Mvua zimekata. Samadi nimesimamisha, sitaki machipukizi laini yaikute baridi. Maji nayo ni kwa kiasi, maana udongo ukikaa na tope mizizi ya mparachichi huoza.

Julai
Sakitu imeanguka kweli. Maboga ya bondeni, ambako hewa baridi hutuama, yamegeuka meusi. Miasumini iliyo chini ya matawi ni mizima. Ule uliojitokeza nje zaidi umeungua ncha. Mbingu zikiwa wazi nalowesha udongo mchana, jioni natandaza magunia ya katani juu ya vijiti yasiguse majani, na jua likichomoza nayaondoa.

Septemba
Matawi ya mwasumini yaliyokauka sikuyagusa hadi baridi ilipopita, kwa sababu yalikuwa yanakinga yaliyo chini yake. Leo nimekwangua gome kwa ukucha: juu kahawia, chini kidogo kijani kibichi. Nimekata hapo kwenye kijani. Kwenye vifundo vya chini machipukizi yanatoka mawili mawili, na nimefurahi mno.

Spaida zimeungana upande wa mashariki, zimeacha mapengo magharibi, kwenye kivuli kizito zaidi. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza nitachukua vitoto vyake nijaze huko, na samadi ya miasumini nitairudisha kidogo kidogo.