Kaua ka shaba kwenye tope la Thames

Jumamosi nilishuka ukingoni mwa mto Thames hapa London na rafiki yangu mwenye kibali, maana bila kibali cha mamlaka ya bandari huruhusiwi kuokota kitu pale, maji yamekupwa, tukainama weee mpaka viuno vinauma, afu yeye akaibuka na kadude kadogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ua la petali sita, la shaba. Nilikashika nikakosa la kusema.

Hiyo ni njumu ya mkanda jamani, yaani kipambo cha madini kinachobanwa kwenye ukanda, ya enzi za kati! Miaka ya 1300 watu wa huku kisu, kimfuko cha hela, vyote vilikuwa vinaning'inia kiunoni, kwa hiyo mkanda ndo ulikuwa wa kujionyeshea. Tajiri anatia njumu za fedha, mwingine shaba, mwingine madini ya bati na risasi. Kuna za maua, za kombe la baharini, za simba, na kuna zile za kama kijiti zinazokaa kukingama mkanda, na hizo sio urembo tu, zinaufanya ukanda usijikunje kwa uzito wa vitu.

Sasa hizo za bati ndo zina kisa. Mwaka 1327 mafundi mikanda wa London walipata barua ya mfalme Edward wa Tatu, njumu za bati au risasi marufuku, ni udanganyifu, kazi ya hivyo ikikamatwa ichomwe moto. Kumbe watu walizitaka! Unachonga kalibu ya jiwe, unamimina bati, linayeyuka kwa moto mdogo tu, unatoa nyingi kwa mkupuo mmoja, zinang'aa kama fedha na bei iko chini. Mpaka 1391, enzi za Richard wa Pili, sheria ikabadilishwa wakaruhusiwa. Mimi niko na wale wanunuzi kabisa, mtu wa kipato kidogo naye ana haki ya kupendeza, na kumchomea mkanda wake eti sio shaba naona ni uonevu.

Haka ketu ni ka shaba lakini. Tope la Thames halina hewa, kwa hiyo kutu haikupata nafasi, rafiki alipokasuuza tu kakawa ka rangi ya dhahabu. Nyuma ribiti, yaani kile kipini cha kukabana kwenye mkanda, bado ipo, na chini ya ribiti kumebana kipande cheusi cha ngozi, yaani mkanda wenyewe, kama punje ya mchele hivi.

Amekaweka kwenye kimfuko akapeleke kwa ofisa wa makumbusho, ndo masharti, kitu cha zaidi ya miaka 300 lazima ukiripoti. Kabla hajafunga nilikaomba tena nikaangalie. Petali mbili za upande mmoja zimelika kabisa, laini ukipitisha kidole, zile nne bado zina ncha. Nadhani ndo upande ambao kisu kilikuwa kinasugua mwenye mkanda akitembea.