Siku Moja Maishani Mwangu: Mwongozaji wa Okestra Ugenini

Saa 11:00 alfajiri. Kazi ya kwanza ya siku hufanyika mezani, na hakuna anayeitazama. Ninapitia kurasa za utunzi wangu mpya nikitafuta ni wapi mpiga viola, ile ndugu ya fidla iliyo kubwa kidogo, atapata nafasi ya kugeuza ukurasa. Wapigaji wa ala za nyuzi huketi wawili wawili mbele ya stendi moja. Ukurasa unapokwisha, mmoja wao huacha kupiga ili ageuze, na kwa sekunde hizo nusu ya sauti ya kundi lao hupotea. Mtunzi asiyeacha pumziko mahali panapofaa atalisikia pengo hilo ukumbini, hata kama kompyuta yake ilimpigia muziki uliojaa tele. Zipo pia hesabu za ala zisizotoa noti zinazoandikiwa: mpiga honi ya F anaposoma do, kinachosikika ni fa iliyo chini yake, na klarineti ya B-bemoli ikisoma re, kinachotoka ni do. Haya yote huandikwa na mtu mmoja, usingizi ukiwa bado machoni, kwa ajili ya watu themanini watakaoyapiga kwa pamoja miezi kadhaa baadaye.

Nimeichagua alfajiri kwa sababu saa nyingine zote zina wenyewe. Gustav Mahler, aliyeongoza opera ya Vienna kuanzia 1897 hadi 1907, katika miaka hiyo alitunga zaidi wakati wa likizo za kiangazi, ndani ya kibanda cha msituni, kwa kuwa msimu wa maonyesho haukumwachia nafasi. Mwongozaji mgeni wa siku hizi, asiye na okestra ya kudumu, hukubali mikataba ya matamasha ya kiangazi vilevile, maana miezi isiyo na mkataba haina mshahara.

Saa 1:00 asubuhi ninaiweka kazi yangu kando na kufungua ya mwingine. Wiki hii tunapiga simfonia ya tisa, utunzi mrefu wa okestra wenye sehemu nne, ya Antonín Dvořák, ambaye naye alikuwa ugenini alipoitunga: aliongoza konservatori (chuo cha muziki) moja ya New York kuanzia 1892 hadi 1895, na simfonia hiyo ilisikika kwa mara ya kwanza Carnegie Hall mnamo Desemba 1893, Anton Seidl akiwa mwongozaji. Mchapishaji wake, Simrock, alikuwa Ujerumani, ng'ambo ya bahari, na kwa hiyo kazi ya kusoma nakala za kusahihisha ilifanywa na Johannes Brahms. Kila ninapokutana na noti yenye utata katika simfonia hii humkumbuka Brahms, mtunzi mkubwa kuliko wengi wetu, akiwa ameinamia kurasa za rafiki yake na kalamu mkononi kama karani. Kazi hii haijawahi kuwa na mtu aliye mkubwa mno kwa ukarani wake.

Wanaoniona jukwaani hudhani kwamba ninawafundisha wapigaji namna ya kupiga. Wapigaji wa okestra kubwa wanaijua simfonia hii tangu ujana wao, na wangeweza kuifikisha mwisho bila mimi, ingawa ingefika ikiwa na sura kadhaa zisizopatana. Ninacholipwa kukifanya ni kuamua: sauti ya selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, ikae chini ya ile ya obo, ala ya kupuliza, kwa kiasi gani, pumzi ikatwe wapi, mwendo ubadilike kwa ghafla au kwa kuteleza. Maamuzi hayo hufanywa nyumbani, kimyakimya, kwa penseli, kwa sababu mazoezini hakuna muda wa kutafakari. Mwongozaji mgeni kwa kawaida hupewa mazoezi matatu au manne kabla ya onyesho, na kila dakika ya mazoezi ina gharama ambayo meneja wa okestra anaijua kwa kichwa.

Saa 3:00 natia saini karatasi za ukumbini na kupanda jukwaani kuangalia mpangilio wa viti. Saa 4:00 kamili obo inatoa noti ya A, kila mtu anailinganisha na ala yake, na tunaanza.

Hapa ndipo siku ilipoharibika.

Tulipiga sehemu ya kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, jambo ninalolipenda, kwa sababu okestra hujitambulisha kwa mwongozaji kwa namna hiyo kuliko kwa maneno. Kisha nikataka kurudi mahali ambapo fluti inaleta ile tuni ya utulivu, nikataja namba ya kipimo, yaani kile kigawanyo kidogo cha muziki kinachotengwa kwa mstari wima. Nusu ya okestra ilifungua ukurasa, nusu nyingine ikanitazama. "Maestro, sisi hatuna namba," alisema kiongozi wa viola. Walikuwa na herufi, zilizochapwa juu ya noti kama alama za kutafutia mahali. Nikataja herufi iliyo karibu, na wapigaji wa tromboni, kwa adabu ya watu waliokwisha kuyaona mengi, wakaniambia kwamba herufi hiyo kwao iko ukurasa mwingine kabisa. Karatasi zilikuwa zimekusanywa kutoka matoleo mawili tofauti, na pengine matatu. Seti moja ilikuwa ya maktaba ya okestra, nyingine ilikuwa imekodiwa kujazia zilizopotea, na hakuna aliyezilinganisha kabla hazijawekwa kwenye stendi.

Asiyewahi kusimama mbele ya watu themanini wasio na ukurasa wa pamoja hawezi kujua jinsi dakika zinavyoyeyuka. Nilijaribu kuhesabu kwa kurudi nyuma, "vipimo kumi na viwili kabla ya fluti", lakini mpiga honi aliyekuwa katika pumziko refu hana fluti kwenye karatasi yake. Ana namba tu inayomwambia akae kimya kwa vipimo vingapi. Nilijaribu kuimba kipande nilichokitaka, na sauti yangu si ya kuimbia mtu. Mpiga fidla mmoja wa safu za nyuma akaanza kumsimulia jirani yake kwamba msimu uliopita mambo hayakuwa hivi. Kiongozi wa selo akainua upinde kuuliza kama noti moja kwake ina bemoli, alama ya kuishusha nusu hatua, kwa kuwa kwa mwenzake wa stendi ya pili haina. Swali lilikuwa la haki kabisa, nalo likazaa mengine manne. Haya yote niliyaongoza kwa lugha ninayoifahamu vizuri lakini nisiyoweza kukasirikia ndani yake bila kuharibu sarufi, na huenda hilo liliniokoa. Maneno ya Kiitaliano, piano, forte, crescendo, huvuka mipaka yote bila pasipoti, ila hakuna neno la Kiitaliano la kuwatuliza watu waliopewa karatasi zisizolingana.

Mwishowe niliomba penseli. Mtunza maktaba alikuja na boksi zima, uso umemwiva kwa kosa ambalo, kwa kadiri nilivyoona, alilirithi kutoka kwa mtu mwingine. Nikataja vituo kumi muhimu kimoja baada ya kingine, kila kundi likahesabu vipimo vyake na kuandika alama ileile mahali palepale. Mpiga tuba aliandika kama wengine, ingawa katika simfonia nzima ana noti chache tu, zote katika sehemu ya pili, kwenye zile akordi (noti kadhaa zinazosikika kwa pamoja) laini za ala za shaba. Mtu huyo hubeba ala nzito kuliko zote za kupuliza, hukaa kimya karibu simfonia nzima, na zamu yake ikifika anatakiwa kupuliza polepole na kwa utulivu kiasi kwamba msikilizaji asijue ni nani aliyeingia. Ninawaheshimu sana wapigaji wa aina hiyo, na huhakikisha ninawatazama kabla hawajaingia.

Zoezi hilo la penseli lilimaliza muda wote wa mapumziko na zaidi, na kwa mujibu wa mkataba wao ikabidi mapumziko yatolewe hata hivyo, upya, kwa urefu wake kamili. Silalamikii sheria hiyo. Mabega na midomo ya wapigaji ndiyo riziki yao. Ila kulipokucha nilikuwa nimepanga kuigusa sehemu ya mwisho, na hadi meneja aliponyanyua mkono saa 7:00 mchana, katikati ya sentensi yangu, hatukuwa tumeifikia.

Mchana nilikula kitu. Baadaye, nadhani ilikuwa kabla ya saa 9, nilikaa na kiongozi wa fidla tukakubaliana mwelekeo wa pinde, juu au chini, kwa kurasa zilizobaki, kwa sababu fidla kumi na nne zikivuta pinde kwa njia mbili tofauti, sentensi ya muziki hukatika hata kama noti zote ni sahihi. Kisha mazoezi ya pili, ambayo yalikwenda vizuri na kwa hiyo sina la kuyasimulia, isipokuwa kwamba kufikia mwisho wake mkono wangu wa kulia ulikuwa mzito kuliko kijiti cha kuongozea, chenye uzito wa kalamu, kinavyostahili kuufanya. Watu huniuliza kama kazi hii inachosha mikono. Kinachochoka kwanza ni masikio: kwa saa sita husikiliza muziki uliopita, unaopigwa sasa, na ule ambao mkono unatakiwa kuuonyesha kabla haujafika.

Jioni ilikuwa ya simu na fomu. Nchi nyingi hukata kodi ya msanii mgeni palepale anapotumbuiza, hata kama alikaa wiki moja tu, na msanii hubaki na kazi ya kuthibitisha nchini anakoishi kwamba fedha hizo zimekwisha kutozwa. Wakala wangu alitaka jibu kuhusu mkataba wa msimu baada ya ujao. Katika kazi hii mtu huulizwa kwa uhakika mkubwa atakuwa wapi baada ya miaka miwili, wakati viza yake inakwisha mwezi ujao.

Usiku nilimwandikia meneja ratiba ya kesho. Tutaanza na sehemu ya pili, ili mpiga tuba afanye kazi yake na kwenda nyumbani. Baada ya hapo ya tatu na ya nne, zikifuatana, kwa ajili ya mpigaji wa ala za kugonga, mwenye pembetatu katika ya tatu na, katika ya nne, pigo moja tu la matoazi kwa simfonia nzima. Sehemu ya kwanza itasubiri, alama zake zimekwisha kuandikwa. Meneja alijibu baada ya dakika chache kwamba ratiba ni nzuri, kwamba mtunza maktaba amelinganisha karatasi zote za sehemu zilizobaki, na kwamba jina langu kwenye mkataba halifanani herufi kwa herufi na lile la pasipoti, hivyo naombwa kujaza fomu zote upya na kuziwasilisha kabla ya saa 3:00 asubuhi.