Jinsi nilivyokusanya maonyesho ya Queen yaliyorekodiwa na mashabiki

Queen, bendi ya roki ya Uingereza, hawakuwahi kupiga Unguja wala Dar es Salaam. Mwimbaji wao Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe Septemba 5, 1946, akaondoka na familia yake mwaka wa Mapinduzi, 1964. Sisi wa huku tumemsikia kwenye sahani na kaseti tu. Mimi sauti ya studio haikunitosha. Nilitaka kujua aliimbaje akiwa amesimama mbele ya watu, pengine amechoka, koo limemkauka, hana nafasi ya kurudia. Hiyo ndiyo sababu nilianza kukusanya rekodi za maonyesho ambazo hazikutolewa na kampuni, bali zilinaswa na mashabiki walioingia ukumbini na kinasa sauti ndani ya koti.

Mtu ataniuliza kwa nini nisinunue albamu rasmi. Nimenunua, na ninazipenda. Lakini Live Killers ya 1979 iliunganishwa kutoka maonyesho tofauti ya ziara ya Ulaya, na katika Live Magic ya 1986 sehemu ya katikati ya Bohemian Rhapsody imekatwa kabisa. Ukitaka usiku mmoja mzima, tangu taa zinazimwa mpaka watu wanatoka, mara nyingi huna pa kwenda ila kwa shabiki.

Wakusanyaji wana taratibu zao, na nilizikubali tangu mwanzo. Rekodi haiuzwi. Umepewa bure, nawe utatoa bure. Onyesho likitolewa rasmi, tunaacha kulisambaza. Lile la ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, la Desemba 24, 1975, ambalo BBC walilirusha moja kwa moja, lilizunguka kwa miaka 40 kwenye kanda za watu waliorekodi redioni. Lilipotolewa rasmi mwaka 2015 nililinunua, na ile ya redio nikabaki nayo mwenyewe kwa kulinganisha.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuachana na MP3. Faili za aina hiyo zimejaa kila mahali, zimebanwa mara mbili tatu, matoazi yanasikika kama yamezama majini. Wakusanyaji makini wanatumia FLAC, aina ya faili la sauti ambayo inabana bila kupoteza chochote. Tatizo ni ukubwa: onyesho la saa mbili kwa ubora wa CD ni kama GB 1.2, na FLAC inalipunguza mpaka karibu nusu. Kwa bando la mchana huwezi. Nilikuwa nashusha kwa bando la usiku, onyesho moja kwa wakati, na nikimaliza naacha kompyuta inaendelea kuwagawia wengine mpaka alfajiri, maana anayechukua tu bila kurudisha hapendwi na mtu.

Hata FLAC inaweza kudanganya, kwa sababu mtu anaweza kuchukua MP3 mbovu akaigeuza FLAC. Kwa hiyo kila faili naifungua kwanza kwenye programu inayochora picha ya masafa ya sauti, nzito chini na nyembamba juu, kwa kipimo cha kilohezi. Kanda ya ukumbini inafifia juu taratibu. MP3 inakatika ghafla, mara nyingi karibu na kilohezi 16, mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Ila usiharakishe kutupa: redio ya FM nayo huishia kilohezi 15, kwa hiyo rekodi ya redioni ina haki ya kukatika. Ndiyo maana nasoma kwanza maelezo yanayoambatana na faili: nani alirekodi, kwa mashine gani, nakala imepitia mikono mingapi. Rekodi isiyo na maelezo hayo naiweka kando mpaka nijiridhishe.

Tarehe nazo hazitabiriki. Kanda zilizonakiliwa kwa mkono zilibadilishiwa miji na miaka ovyo. Hapo masikio yanasaidia. Ukisikia Crazy Little Thing Called Love, huo si mwanzo wa 1979 hata kava liseme nini, kwa sababu wimbo ulitoka Oktoba mwaka huo. Ukisikia kinanda cha ziada huku Freddie anazunguka jukwaani, uko 1982 au baadaye. Kabla ya hapo walikuwa wanne tu. Na Freddie mwenyewe alikuwa akiwasalimia watu kwa jina la mji wao, jambo lililonitatulia mafumbo mengi.

Lakini jambo lililonichukua muda kuliko yote ni kasi. Betri ya kinasa ikianza kuisha pale ukumbini, mota inazunguka polepole. Kanda hiyo ukiipiga baadaye kwenye mashine nzima, muziki unakimbia na sauti inapanda. Tofauti ya asilimia 6 hivi inatosha kupandisha wimbo mzima kwa nusu toni. Kwa anayemfuatilia Freddie hili ni zito. Alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti, na jukwaani mara nyingi alishuka pale ambapo kwenye albamu alipaa. Kanda inayokimbia inamsingizia sauti ambayo usiku ule hakuitoa, na inamnyima sifa ya namna alivyoizunguka noti kwa akili.

Bahati nzuri Queen waliacha rula ndani ya kanda zao. Ile sehemu ya kwaya ya opera katika Bohemian Rhapsody hawakuiimba jukwaani. Walitoka, na kanda ya studio ikapigwa kwenye spika. Mwisho wa onyesho ilipigwa tena kanda ya studio, God Save the Queen, wimbo wa taifa wa Uingereza wa enzi hizo, kwa gita la mpiga gita wao Brian May. Vyote viwili vimo kwenye albamu ya 1975, A Night at the Opera. Basi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, naweka kipande cha CD juu na kipande cha shabiki chini, navianzisha neno moja, kisha naangalia kipi kinafika mwisho mapema. Sekunde 60 za CD zikiwa sekunde 58 kwa shabiki, nagawanya 58 kwa 60, napata 0.967, napunguza kasi ya kanda ya shabiki hadi kiwango hicho. Kama opera inaonyesha imekimbia kwa asilimia 3 na wimbo wa mwisho kwa asilimia 5, najua betri ilikuwa inakata roho, na narekebisha kwa ngazi. Nyimbo za mwanzo nazilinganisha na rekodi rasmi ya ziara hiyohiyo.

Baada ya marekebisho ndipo nasikiliza kwa raha. Na hapa naipendelea kanda ya shabiki kuliko hata ile iliyotoka kwenye mitambo ya jukwaani. Katika Love of My Life watu ndio wanaoimba. Maikrofoni ikiwa katikati yao, unamsikia mwanamke wa kulia anatangulia mstari, wanaume wa nyuma wanachelewa, kisha Freddie ananyamaza anawaachia. Mitambo ya jukwaani haikumnasa yule mwanamke.

Kanda za Sun City, Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, Oktoba 1984, sizitafuti. Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaka wasanii wasiende, Tanzania ilikuwa mstari wa mbele dhidi ya ubaguzi, wakimbizi wa ANC wakisoma Mazimbu, Morogoro. Mwana wa Unguja kwenda kuimba kule kunaniuma hadi leo. Mkusanyaji mwingine aziweke, ni historia, mimi nimeziacha.

Kila onyesho naliweka kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, pamoja na faili la asili ambalo sijaligusa na maandishi yanayoeleza nilichobadilisha. Sasa hivi nashughulikia Knebworth, Uingereza, Agosti 9, 1986, onyesho la mwisho la Freddie na Queen, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Ninazo kanda mbili kutoka sehemu tofauti za uwanja. Moja ina sauti safi lakini inakatika pale mwenyewe alipogeuza kaseti. Nyingine ina makelele, ila haikatiki mahali hapo. Nimeshaweka kasi zake sawa kwa kutumia opera, na kilichobaki ni kuliziba lile pengo.